Mama, sisi tutakuwa wageni lini?

Wiki hii nianze na kabati langu la vyombo.

Ni kabati la kawaida, lenye vioo mbele na kufuli dogo pembeni. Ndani yake kuna vikombe sita vyenye ukingo wa dhahabu, visahani vyake, birika lake, na bakuli la sukari ambalo halijawahi kutiwa sukari. Nilizawadiwa nilipoolewa. Vyombo hivyo vinashuka anapokuja mgeni: wakwe, mwalimu wa watoto, wanakamati wa mchango wa harusi. Siku nyingine zote sisi wenyeji tunanywea vikombe vya plastiki, na kimoja kimepinda mpini kwa sababu kilisahauliwa karibu na jiko.

Mwezi uliopita alikuja wifi yangu na mumewe. Nikatoa vikombe, tukanywa chai, tukacheka, wakaondoka. Nikaviosha mwenyewe, maana sikumwamini mtu, nikavifuta kimoja kimoja, nikavirudisha na kufunga. Mtoto wangu wa mwisho, mwenye miaka sita, alikuwa amesimama mlangoni akinitazama. Akaniuliza bila hasira, kama mtu anayeuliza saa ngapi:

"Mama, sisi tutakuwa wageni lini?"

Nilimwambia akalale. Ndivyo tunavyofanya wazazi tunapokosa jibu.

Lakini swali halikulala. Usiku ule nilichukua kitabu cha picha ambacho nilikinunua zamani kwa wauza vitabu vya mitumba, kitabu chakavu kisicho na jalada, kinachoeleza habari za mchoraji mmoja mtawa wa Italia aliyeishi zaidi ya miaka 500 iliyopita. Nilikuwa nikikifungua kwa ajili ya rangi tu. Usiku ule nilikisoma kwa ajili ya kikombe. Niruhusu nikusimulie, maana mtu huyo alikutana na swali la mwanangu, na naamini alilijibu.

Guido, mwana wa Pietro

Dunia inamfahamu kwa jina la Fra Angelico, yaani Ndugu wa Kimalaika. Jina hilo alipewa na watu baada ya kufa. Alipozaliwa, mnamo mwaka 1395 hivi, karibu na mji mdogo wa Vicchio kaskazini mwa Firenze, aliitwa Guido di Pietro, Guido mwana wa Pietro. Kufikia mwaka 1417 alikuwa tayari anajulikana mjini Firenze kama mchoraji. Kisha akaacha maisha ya mjini, akapanda kilima cha Fiesole kinachoutazama mji huo, akajiunga na watawa wa Shirika la Wadominiko. Mwaka 1423 tunamkuta huko akiwa na jina la kitawa, Fra Giovanni, yaani Ndugu Yohane.

Hakupanda kilima hicho peke yake. Ndugu yake Benedetto naye alikuwa mtawa katika nyumba ileile, na kazi yake ilikuwa kunakili vitabu kwa mkono, herufi baada ya herufi. Watoto wawili wa mzazi mmoja, mmoja akiishi kwa kalamu na mwingine kwa brashi. Wote wawili walikuwa wameweka nadhiri ya ufukara. Fedha ya kazi ya Fra Giovanni haikuingia mfukoni mwake. Ilikuwa ya nyumba.

Alizaliwa katikati ya zama mbili, na jambo hili inafaa tulielewe kabla ya kuendelea. Wachoraji waliomtangulia walifuata mtindo wa Gothiki: watakatifu warembo, wembamba, wamesimama mbele ya ukuta wa dhahabu tupu, hawagusi ardhi, hawana jua wala kivuli. Picha zilikuwa kama mlango wa mbinguni, na mbinguni hakuna barabara wala milima. Lakini Firenze ya ujana wake ilikuwa inageuka. Brunelleschi alikuwa akijenga kuba kubwa la kanisa kuu na kuwafundisha wenzake kanuni ya kuchora umbali, mpaka jicho linadhani ukuta umetoboka. Masaccio, kijana aliyefariki kabla ya kufikisha miaka 30, alikuwa amechora watu wenye uzito, wanaokanyaga chini na kutupa vivuli. Zama hizo mpya ndizo tunazoziita Renesansi.

Fra Giovanni hakumdharau mzee wala hakumkimbia kijana. Kuna picha yake ya Yesu akishushwa msalabani, iliyotengenezwa kwa ajili ya familia ya Strozzi katika kanisa la Santa Trinita. Kazi hiyo ilianzwa na mtawa mwingine mchoraji, Lorenzo Monaco, ambaye alifariki kabla ya kuimaliza. Fremu yake ni ya mtindo wa zamani, yenye matao matatu yaliyochongoka, na fremu ya namna hiyo ilizoeleka kugawa picha vipande vitatu. Fra Giovanni aliiacha fremu ilivyo, lakini ndani yake akachora uwanja mmoja mpana unaopita nyuma ya matao yote matatu: watu wamesimama kwenye nyasi, nyuma yao kuna mji wenye minara, na vilima kama vile vinavyoonekana kutoka Fiesole. Fremu ya babu, hewa ya mjukuu. Wengi wetu tunaoishi na wakwe na vijana chini ya paa moja tungependa kujua alifanyaje, lakini hilo tuliwekee wiki nyingine.

Dhahabu ya wageni

Alijua kuwapa wageni vyombo vizuri. Tusimfikirie kuwa mtu asiyejali mapambo.

Mwaka 1433 chama cha wafanyabiashara wa kitani mjini Firenze kilimwagiza picha kubwa ya Bikira Maria yenye milango miwili, ya kuwekwa katika jumba la chama chao. Mkataba ulitaka itengenezwe ndani na nje kwa dhahabu, buluu na fedha, vyote vya daraja la juu kabisa linalopatikana. Malipo yalikuwa florini 190 za dhahabu, au pungufu ya hapo kama dhamiri yake ingemwambia kwamba anastahili pungufu. Hebu fikiria kipengele hicho kwenye mkataba na fundi wetu wa leo! Ndani ya picha hiyo, kuzunguka fremu, kuna malaika wadogo wanaopiga ala za muziki, na mpaka sasa malaika hao wananakiliwa kwenye kadi za Krismasi.

Dhahabu ya kazi kama hizo ilifuliwa mpaka ikawa nyembamba kuliko karatasi, ikabandikwa kwenye ubao. Buluu iliyo bora ilitoka kwenye jiwe la lazuli lililochimbwa katika milima ya Afghanistan, likasafirishwa kwa miezi nchi kavu na baharini mpaka likafika Italia. Mteja aliyetoa fedha alitaka watu waione dhahabu yake na buluu yake. Kilikuwa ni kikombe chenye ukingo wa dhahabu, kimewekwa mezani mbele ya mji mzima.

Sasa twende nyumbani kwake tuone watu wa ndani walipewa nini.

Ngazi za San Marco

Mwaka 1436 Papa Eugenio IV aliwakabidhi watawa wa Fiesole nyumba ya San Marco iliyopo mjini Firenze. Ilikuwa imechakaa sana. Cosimo de' Medici, mwenye benki na mtu mwenye nguvu kuliko wote mjini, alitoa fedha ya kuijenga upya, na msanifu wake Michelozzo akasimamia ujenzi. Fra Giovanni na wasaidizi wake wakapewa kuta.

Katika kanisa la nyumba hiyo, mahali ambapo watu wa mjini waliingia kusali, aliweka picha kubwa ya altareni. Hapo utaona mapazia yenye nakshi za dhahabu, zulia la thamani sakafuni, Bikira Maria na Mtoto wakizungukwa na malaika na watakatifu. Mbele kabisa wamepiga magoti Kosma na Damiano, wale matabibu watakatifu ambao familia ya Medici iliwahesabu kuwa walinzi wake. Kila aliyeingia alijua nani kalipa.

Lakini ukitoka kanisani ukapanda ngazi kwenda kwenye vyumba vya kulala, unaingia mahali ambapo watu wa mjini hawakufika. Pale juu ngazi zinapoishia, uso kwa uso na anayepanda, amechora Bikira Maria akipashwa habari na malaika. Maria ameketi kwenye kibao cha mbao bila mto wala zulia, katika baraza lenye nguzo linalofanana na mabaraza ya nyumba hiyohiyo. Pembeni kuna bustani yenye uzio wa mbao. Chini ya picha yameandikwa maneno ya Kilatini yanayomkumbusha mtawa asipite pale bila kumwamkia Maria kwa Salamu yake.

Picha hiyo ilichorwa kwa ajili ya watu waliopita hapo kila siku, asubuhi na usiku, wakiwa na usingizi machoni, wengine wamechoka, wengine wamenuniana. Anawaambia: usipite kama unayepita ukuta. Salimia.

Chumba kimoja, picha moja

Kwenye ghorofa hiyo kuna vyumba vidogo zaidi ya 40, kila kimoja kwa mtawa mmoja. Kina mlango, dirisha dogo, na ukuta mweupe wa chokaa. Na katika kila chumba, ukutani, kuna picha moja.

Msomaji wangu, hebu tulia hapo kidogo. Picha zaidi ya 40, kila moja ya kutazamwa na mtu mmoja. Hakuna mteja wa kuja kukagua, hakuna mji wa kusifia. Siku hizi tungesema hakuna wa kuzipiga picha na kuzirusha mtandaoni. Angeweza kuwawekea wenzake msalaba mmoja unaofanana vyumba vyote, kazi ikaisha kwa wiki chache, na hakuna ambaye angelalamika. Watawa hawakuzoea kulalamika.

Katika chumba cha kwanza Yesu mfufuka anakutana na Maria Magdalena bustanini, majani yamejaa maua madogo mekundu. Katika chumba cha tatu malaika anamletea Maria habari tena, lakini safari hii bustani hakuna, nguzo za mapambo hakuna. Ni chumba kitupu chenye dari la tao, kama chumba chenyewe anachoishi mtawa. Maria amepiga magoti, nguo yake ni ya rangi hafifu. Pembeni amesimama Petro Mfiadini, mtakatifu wa shirika lao, akitazama kimya. Mtawa aliyelala humo aliona kana kwamba habari ile inaletwa kwenye chumba cha jirani.

Katika chumba cha saba Yesu anadhihakiwa. Amefungwa kitambaa machoni, na waliomzunguka hawaonekani miili yao: kuna mkono unaopiga kofi, mkono ulioshika fimbo, kichwa kinachotema mate. Vimeelea tu hewani. Chini yake Maria na Mtakatifu Dominiko wameketi, kila mmoja na mawazo yake, Dominiko akisoma kitabu. Hawageuki kuitazama dhihaka, wanaitafakari. Kwa mtu aliyewahi kutukanwa akarudi chumbani kwake kunyamaza nayo, picha hiyo haihitaji maelezo.

Vijana waliokuwa bado wanovisi nao hawakusahauliwa. Kwenye vyumba vyao amechora Mtakatifu Dominiko chini ya msalaba, mara ameinama, mara amenyoosha mikono, mara amepiga magoti, ili kijana anayejifunza kusali aone jinsi mwili unavyosali. Ni picha za kufundishia, zimechorwa kwa uvumilivu wa mwalimu.

Sio zote alizozichora kwa mkono wake. Kazi ilikuwa kubwa na wasaidizi walishiriki, na tofauti ya mikono inaonekana. Lakini wazo ni moja: kila mtu wa nyumba hii atapata kitu alichowekewa yeye.

Sasa tazama rangi. Dhahabu iliyojaa kwenye kazi za altareni haimo humu. Nyingi ni rangi za udongo na chokaa: nyeupe, njano ya udongo, kijani kilichofifia, waridi hafifu. Ni vitu vya bei rahisi. Ndiyo maana nimeandika habari hii kwenye ukurasa wa familia. Watu wa ndani walipewa vitu vya bei ndogo kuliko wageni, lakini hawakupewa makombo. Kilichopungua ni dhahabu. Fikra haikupungua, mkono haukupungua, muda haukupungua. Wengi wanaotembelea San Marco leo wanasema vyumba vile vinawagusa kuliko kazi zake zenye dhahabu.

Chumba cha tajiri

Kuna chumba kimoja kilichokuwa tofauti, na nisipokitaja nitakuwa nimekudanganya. Cosimo, aliyelipa gharama za ujenzi, alitengewa sehemu yake ya kujitenga na kusali, vyumba viwili vilivyounganishwa. Humo imechorwa safari ya Mamajusi wanaomletea Mtoto Yesu zawadi. Msafara una watu wengi, mavazi ya kigeni, rangi zilizoshiba. Inasemekana kijana Benozzo Gozzoli, msaidizi wake, alishika sehemu kubwa ya kazi hiyo. Papa Eugenio alipokuja kulitabaruku kanisa siku ya Epifania, Januari 6, 1443, alilala humo.

Kwa hiyo hata San Marco palikuwa na chumba cha wageni, chenye picha ya wageni waliobeba dhahabu. Hakuna ubaya. Mfadhili alistahili heshima, na Papa alistahili mahali pazuri pa kulala. Tofauti ni kwamba chumba cha mgeni hakikupambwa kwa kuvinyang'anya vyumba vya wenyeji. Papa alipofungua mlango akatembea kwenye ushoroba ule, hakukuta wenyeji wakiishi kwenye kuta tupu.

Waswahili tuna methali: mgeni njoo, mwenyeji apone. Tunaisema tukicheka, lakini ndani yake kuna uchungu. Ina maana kuna nyumba ambazo kuku hachinjwi, kitambaa hakitandikwi na baba hatabasamu mpaka abishe mgeni. Wenyeji wanapona kwa siku moja, kisha wanarudi kuugua.

Lipu mbichi

Nieleze pia namna picha za ukutani zinavyochorwa, maana mafundi ujenzi wanaosoma ukurasa huu watanielewa haraka. Fundi anapiga lipu ya chokaa kwenye sehemu ndogo tu ya ukuta, kiasi anachoweza kumaliza kuchora siku hiyohiyo. Rangi inachanganywa na maji, inapakwa lipu ikiwa bado mbichi. Chokaa inapokauka inaikamata rangi ndani yake, na rangi inakuwa sehemu ya ukuta. Ukichelewa lipu ikakauka, rangi haishiki vizuri. Itakaa juu juu na baadaye itapukutika. Waitaliano waliliita fungu hilo la ukuta kwa neno lao lenye maana ya kazi ya siku.

Giorgio Vasari, aliyeandika habari za wachoraji wa Italia karibu miaka 100 baada ya kifo chake, anasimulia kwamba Fra Giovanni hakuwa na desturi ya kurudia kurekebisha picha aliyokwisha kuimaliza, na kwamba wengine walisema hakushika brashi kabla ya kusali. Huenda kuna chumvi katika masimulizi hayo. Lakini mtu anayechora kwenye lipu mbichi hana nafasi kubwa ya kuahirisha, awe mtakatifu au asiwe.

Nami nimejiuliza: mtoto wa miaka sita ni lipu mbichi kwa muda gani? Ananiuliza swali leo, namwambia akalale. Akifika miaka kumi na sita nitamwendea na rangi nzuri, na zawadi, na maneno matamu niliyoyatunza. Yatashika, au yatakaa juu juu?

Kilichobaki

Fra Giovanni hakumalizia maisha yake chumbani. Papa alimwita Roma, na kwa Papa Nikola V akapamba kanisa dogo ndani ya Vatikano kwa habari za mashemasi Stefano na Laurenti, wakiwemo maskini wanaopokea sadaka mikononi mwao. Baadaye alirudi Fiesole, akawa mkuu wa nyumba yake ya zamani. Nafasi hiyo ndugu yake Benedetto aliwahi kuishika kabla ya kufariki mwaka 1448. Kisha akaenda tena Roma, na huko akafariki Februari 1455. Kaburi lake liko katika kanisa la Santa Maria sopra Minerva. Maneno ya Kilatini yaliyoandikwa hapo yanaomba asisifiwe kwa ufundi wake wa kuchora, bali kwa kuwa mapato yake yalikwenda kwa maskini. Mwaka 1982 Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenye heri, na mwaka 1984 akamfanya msimamizi wa wasanii.

Na ile picha ya altareni ya San Marco, yenye mapazia na zulia na watakatifu wa Medici? Miaka iliyofuata iliondolewa mahali pake. Vipande vidogo vya chini, vilivyosimulia maisha ya Kosma na Damiano, vilitenganishwa. Leo vingine vipo Munich, vingine Dublin, Washington na Paris. Ubao mkubwa ulibaki Firenze, lakini zamani ulisafishwa kwa dawa kali mno na rangi ikaharibika.

Picha za vyumbani zipo palepale. Nyumba hiyo sasa ni makumbusho, na watu wanapanda ngazi zilezile wanazopanda tangu siku hizo na kukutana na malaika yuleyule. Hazikuuzwa. Zimo ndani ya ukuta. Kilichotengenezwa kwa ajili ya kuonekana kilitamaniwa, kikakatwa, kikatawanyika duniani. Kilichotengenezwa kwa ajili ya watu wa ndani kikawa nyumba yenyewe.

Turudi kabatini

Sikwambii, msomaji wangu, uache kumheshimu mgeni. Mila yetu ni nzuri na mimi sitakuwa wa kuivunja. Wala sisahau kwamba Fra Giovanni hakuwa na watoto wanne wala kodi ya nyumba, na hakuna aliyemvunjia kikombe. Mtawa si kipimo cha mama anayerudi na daladala saa mbili usiku.

Nasema tu kwamba jambo hili halitaki fedha. Rangi zake za vyumbani zilikuwa udongo na chokaa. Baba anayemwamkia mgeni kwa furaha anaweza kuitoa furaha hiyohiyo kwa mkewe mlangoni, na haitaongezeka bili. Mama anayemwandalia mgeni sahani kwa kujua kuwa hali samaki, anaweza kujua pia ni mtoto yupi hapendi ngozi ya maziwa kwenye chai. Alichofanya mtawa yule ni kukaa akamfikiria kila mtu kivyake: huyu ni novisi, huyu ni mzee, huyu apewe bustani, huyu apewe ukimya. Jaribu wiki hii. Chagua mtu mmoja wa nyumba yako na umtendee jambo moja dogo lililopimwa kwa kimo chake, ambalo hakuna jirani atakayeliona. Kisha wiki ijayo mwingine.

Na ukifika juu ya ngazi, usipite bila kusalimia. Kuna nyumba ambazo watu wanalala na kuamka bila mmoja kumwambia mwenzake umeamkaje, ila simu ikiita wanaitika kwa sauti ya asali.

Mimi Jumapili iliyopita nilifungua kufuli. Nilipanga vikombe sita mezani, chai ya maziwa na maandazi yetu ya kila siku. Mume wangu aliuliza nani anakuja. Nikamwambia wameshafika. Yule wa miaka sita alishika kikombe chake kwa mikono miwili, akanywa kimya kimya kama mtu aliye ugenini, kisha akaniuliza kama anaruhusiwa kuongezewa.

Swali hilo ndilo liliniumiza kuliko lile la kwanza. Mgeni ndiye anayeomba ruhusa ya kuongezewa. Nilimjazia mpaka ukingo.

Kisahani kimoja kimeshapasuka tangu siku hiyo. Vimebaki vitano, na kufuli sijui liko wapi.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.